Redio Chini ya Shuka

Kila jioni kijijini kwetu Samoa, baragumu likilia, tunasali, tunakula majimbi, kisha Mjomba Iakopo anafungulia redio kwa sauti ya juu kabisa. Mwezi ule habari ilikuwa moja tu: mashindano ya mitumbwi mirefu! Na mshika usukani wetu alikuwa nani? Mjomba wangu mwenyewe! Shuleni nilitembea kifua mbele.

Mara mjomba akaacha kulala. Akaacha hata kula na wenzake. Kijiji kikamshangilia. "Huyo ndiye nahodha! Hata usingizi hautaki!" Maana wapiga makasia wetu, mashindano yakikaribia, hujitenga kambini, hawacheki ovyo, na huamka kabla ya majogoo.

Nami nilifurahi, mpaka nilipoikuta redio imefunikwa shuka.

"Mjomba, kulikoni?"

"Shh! Wananisema humo, Sinalei."

Mwaka juzi, kabla hajalazwa kwa ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia, ilianza hivihivi. Alipopata nafuu aliniambia, "Siku ukiona nimeifunika redio, mwambie bibi. Usiningoje."

Lakini nikisema, nani atashika usukani? Binamu yangu Pelenato, mpiga kasia, alikuwa ametusikia, akanikazia macho. "We Sinalei, ukituharibia mashindano utanitambua!"

Hata hivyo, nilimwambia bibi. Bibi hakupiga kelele. Aliketi karibu na mjomba. "Mwanangu, dawa unameza?"

Mjomba akainama. "Niliziacha, mama. Zinanilevya usingizi, na mazoezi ni alfajiri."

Asubuhi ileile walikwenda zahanati, na daktari akampangia dawa upya. Usukani akapewa mwingine.

Siku ya mashindano, weee! Ufukwe mzima ulikuwa makelele. Tulishika nafasi ya pili, tukapitwa kidogo tu! Pelenato alinuna, kisha akacheka. Mjomba alikuwa ufukweni, redio sikioni, akirukaruka kama mtoto.

"Mjomba, umenikasirikia?"

"Nikukasirikie kwa lipi? Usukani upo, nitaushika tena. Ugonjwa huu hupiga hodi kabla ya kuingia. Usingizi hupotea, mtu hujitenga, hushuku kila sauti. Anayekupenda akiisikia hodi hiyo, aseme mapema, kama ulivyosema wewe." Akaongeza sauti ya redio mpaka mwisho. "Haya, tulia sasa, wanataja kijiji chetu!"

Na kweli, walikuwa wanakitaja.