Ngozi ya Ndama wa Dalacha

Asubuhi katika Ranchi ya Hara Guda, si mbali na Garsen, huanza kwa kilio cha ndama. Mama zao huitikia kutoka upande wa pili wa ua, wachungaji hufungua malango, na vumbi hutimka. Abdia, msichana wa miaka kumi na miwili, alizipenda kelele hizo kuliko kengele ya shule. Mama yake, Hawa, ndiye aliyesimamia zizi la ndama. Kila likizo Abdia alimsaidia, na moyoni alijiona mrithi wa kazi hiyo.

Likizo ya Agosti akaja Hibo, binti wa dada yake Hawa, kutoka mjini Garsen. Hibo hakujua hata kukamua, lakini alikuwa na mkono mtulivu, na ndama wakorofi walimfuata.

"Abdia, jihadhari!" wachungaji walimtania. "Mgeni atakunyang'anya zizi!"

Wote walicheka isipokuwa Abdia.

Siku moja ng'ombe aliumwa na nyoka akafa, akaacha ndama mchanga. Alfajiri iliyofuata Dalacha, ng'ombe wa kijivu, alizaa ndama mfu. Hawa akafanya wafanyavyo wafugaji tangu zamani. Alimchuna yule mfu, akamfunga yatima ngozi ile mgongoni, ili Dalacha anuse harufu ya mwanawe na kumnyonyesha. Dalacha alinusa, akakubali.

"Hibo," Hawa akasema, "huyu utamtunza wewe. Angalia ngozi isitoke."

Hibo! Wivu ulimjaa Abdia. Yeye aliyebeba maji na kuzoa samadi likizo zote, hajapewa hata mkia wa ndama!

Hibo alipokwenda kuswali adhuhuri, Abdia aliifungua kamba, akaitupa ngozi kwenye mathenge, vile vichaka vya miiba, kisha akamwosha ndama kwa sabuni. Hibo atagombezwa, aliwaza, na ndama atakuwa wangu. Hasidi hana sababu, wala hana akili: hakulifikiria hata kidogo tumbo la yule ndama.

Jioni Dalacha alimnusa ndama, akakoroma, akampiga teke. Ndama alianguka. Walijaribu kumnyonyesha kwa chupa, akageuza kichwa.

"Ngozi iko wapi?" Hawa aliuliza kwa ukali. "Hibo, kazi moja tu imekushinda? Kesho utarudi kwa mama yako. Na huyu asiponyonya leo, tutamzika."

Abdia alikuwa amepata alichokitaka, lakini hakusikia raha yoyote. Hibo alimgeukia huku machozi yakimtiririka.

"Labda sikufunga vizuri, Abdia. Wewe unaijua kazi hii. Msaidie, tafadhali. Mimi nitaondoka, lakini yeye asife."

Abdia aliona aibu. Akakimbilia kwenye mathenge, akaingia bila kujali miiba, akarudi na ngozi, mikono ikimtoka damu.

"Mama, ni mimi. Hibo hana kosa. Nilimwonea wivu."

Hawa aliipokea ngozi ile. Walimfunga ndama ngozi tena, wakampaka maziwa ya Dalacha mwilini ili harufu ya sabuni ipungue. Dalacha alinusa mara ya kwanza, akarudi nyuma. Akanusa tena, kwa muda mrefu, kisha akaanza kumlamba. Ndama akajikongoja hadi kwenye chuchu, akanyonya huku mkia ukicheza. Hibo alicheka na kulia kwa pamoja.

Kisha Hawa akamgeukia Abdia. "Unajua kwa nini chapa ya ranchi yetu ni kata ya kutekea maji? Zamani familia za hapa zilioneana kijicho kisimani, kila moja ikizuia zamu ya mwenzake. Ukame ulipokuja, ng'ombe walikufa kisima kikiwa na maji. Waliosalia wakaunganisha mifugo yao, wakanywesha kwa kata moja. Ranchi hii ilianza hivyo, mwanangu, na wivu unaweza kuimaliza."

"Nisamehe, Mama. Nisamehe, Hibo."

"Nimeshakusamehe," Hibo akajibu. "Njoo unionyeshe fundo lisilofunguka."

Hawa alimtazama Dalacha, aliyekuwa bado analamba. "Huyu ni mnyama, Abdia, naye amempokea mtoto asiye wake. Wewe ulishindwa kumpokea binti wa dada yangu."

Abdia aliinamisha kichwa. Kisha akapiga magoti karibu na Hibo, wakalikaza fundo pamoja.