Kufuli Nililoliacha Wazi Tororo

Niliangalia mashine ipi?

Swali hilo lilininyima usingizi wiki tatu nzima. Nina miaka ishirini na minne, mzaliwa wa Iyolwa, na digrii yangu ya kompyuta bado imo kwenye bahasha yake ya kaki. Mimi ni mtu wa kujihoji. Nikifunga mlango, narudi mara tatu kuusukuma... Siku moja tu ilihitaji nirudi, na siku hiyo sikurudi.

Nilipata kazi katika kampuni ya kupitisha mizigo mpakani. Tulikuwa na seva mbili za barua pepe, moja ofisi ya Busia na nyingine Tororo, zilizofanya kazi kama mapacha. Umeme ukikatika Busia, ile ya Tororo huendelea peke yake. Umeme ukirudi, zinanakiliana mipangilio, na badiliko jipya zaidi ndilo linaloshinda. Mimi ndiye niliyezitunza.

Aliyenipokea Busia ni Mama Nabwire, karani wa mizigo, mwenyeji wa Lumino. Alinitafutia chumba. Kila mchana aliniita mezani kwake tugawane muhogo na mukene, wale dagaa wa ziwani.

"Kula, injinia," alinitania. "Mawazo yatakumaliza kabla ya njaa."

Sasa, mtu yeyote wa Busia anajua kwamba ukikaribia geti la mpaka, simu yako inakamata mtandao wa Kenya. Na seva zetu zilikuwa na kufuli: anayeonekana yuko nje ya Uganda hafungui barua. Kwa makarani wa getini nilitakiwa kuandika ruhusa ya kila simu, moja moja.

Siku hiyo umeme ulikuwa umekatika Busia tangu asubuhi, nami nilikuwa Tororo. Mama Nabwire akanipigia.

"Athieno, simu imekamata Kenya tena. Barua haifunguki, na madereva wananitukana hapa."

"Nipe dakika, Mama, niandike namba zenu."

"Tuko watu saba. Wewe umesoma mpaka digrii, unaogopa simu saba?"

Nikacheka. Badala ya kuandika saba, nikaliondoa kufuli lote. Dakika kumi tu, nilijiambia.

Umeme uliporudi niliingia kwenye seva nilirudishe kufuli, nikalikuta liko mahali pake. Nikashukuru! Mimi ninayehoji kila kitu, hilo sikulihoji. Kumbe nilikuwa nimefungua mashine ya Busia, iliyolala tangu asubuhi na bado ikikumbuka mambo ya jana. Muda mfupi baadaye zikanakiliana. Badiliko langu la Tororo ndilo lilikuwa jipya... Kufuli likafutika pande zote mbili.

Siku ya nne, dereva wa lori la samaki kutoka Majanji alipata barua iliyotoka kwenye akaunti ya Mama Nabwire. Ilimwambia asishushe kwenye ghala letu, bali kwenye ghala jingine nje ya Tororo mjini. Akashusha. Watu aliowakuta huko wakapotea na samaki wote. Paswadi ya Mama Nabwire ilikuwa jina la mtoto wake wa kwanza. Nani asiyeweza kuikisia, kufuli likiwa halipo?

Meneja akaniagiza ripoti. Nikafungua kumbukumbu za seva, na mstari ukanitazama: kufuli limeondolewa, na mwondoaji ni Athieno. Nilikaa mbele ya jina langu mpaka chai ikapoa. Kisha nikaandika sentensi moja: "Barua ilitoka kwenye akaunti ya Nabwire."

Je, niliandika uongo? Hapana... Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Mama Nabwire aliambiwa akangoje nyumbani barua ya kufukuzwa. Alipita mezani kwangu na sahani yake mkononi.

"Injinia, wewe unazijua hizi mashine. Waambie."

Nikatazama kibodi.

Meneja akaamuru barua zote za Mama Nabwire zije kwangu. Kila asubuhi nikaanza kuzisoma. "Mama, umepotelea wapi?" "Mama, mtoto amepona, asante kwa dua." Saa ya mchana nilisikia kifuniko cha sahani kikifunguliwa nyuma yangu. Nikigeuka, kiti kitupu. Nilianza kula nje, kwenye jua, na bado nilikisikia.

Halafu ikaja barua kutoka simu ya mwanawe. Ilitumwa kwenye anwani ya kazini ya Mama Nabwire mwenyewe.

"Ni mimi Nabwire. Jana kanisani watu wa Majanji walihama benchi nililokaa. Siombi kazi. Naomba mtu mmoja aseme mimi si mwizi."

Alijiandikia mwenyewe? Hapana. Alijua nani anasoma.

Wasomaji wenzangu, mkikosea, semeni siku ileile, kosa likiwa bado la dakika kumi. Msijifiche nyuma ya sentensi ya kweli kama nilivyojificha mimi. Kufuli pengine ningesamehewa. Sentensi ile sijui.

Asubuhi iliyofuata nilichapisha ule mstari, nikapigia jina langu mstari kwa kalamu nyekundu, nikampelekea meneja. Aliusoma mara mbili.

"Unajua hii inakupeleka wapi?"

Nilijua. Nikaweka ufunguo wa chumba cha seva mezani kwake.

Lakini ofisi si Lumino. Jumapili nilikwenda kanisani kwao na karatasi ileile, nikaketi kando ya Mama Nabwire, kwenye benchi ambalo sisi wawili tu tulilikalia. Hakunisalimia. Matangazo yalipofika, nikasimama.