Maduara Mawili Kwenye Zizi la Mama Minza

Jumanne, Juni 11, 2024, saa moja jioni, rafiki yangu Tajudin, mpiga picha wa Bariadi mjini, aliweka kamera yake mbele ya zizi la Mama Minza, Mwamapalala. Fisi alikuwa amekula ndama wanne. Kwenye ofisi ya wanyamapori walimwambia mama huyo kwamba askari wa wanyamapori hawatoki bila picha ya fisi mwenyewe.

Tajudin alitumia lenzi ya vioo vya kuakisi, ile fupi nene inayovuta mbali. Ni nyepesi, ila inataka mwanga mwingi na fokasi yake, yaani kulenga ukali wa picha, ni ya mkono.

"Piga basi, mwanangu. Au unasubiri awamalize?" alisema Mama Minza.

"Giza, mayu," Tajudin alimjibu, akimwita mama kwa Kisukuma. "Kwenye kamera naona uji tu, hakuna umbo."

Kengele za ndama zikanyamaza zote pamoja. Tajudin hakuona kitu. Aliweka fokasi kwa ndama, akapiga picha saba bila kuigusa tena lenzi.

Kesho yake ofisa wa wanyamapori alimrudishia picha. "Hapa kuna pete, fisi hakuna."

Tajudin alinieleza akiwa na hasira. Mwanga ulio nje ya fokasi, lenzi hiyo huugeuza pete, kwa sababu kioo kidogo cha mbele huziba katikati. Anga iliyopenya kwenye miiba ya zizi ilitoka pete tupu. Maduara mawili tu, yaliyokaa sambamba kama macho, hayakuwa na tundu katikati. Alisema lenzi ile haiwezi kufanya hivyo.

Nilizitazama mwenyewe. Kwenye picha ya kwanza, maduara hayo yako nyuma ya miiba. Kwenye ya saba, yamewaziba ndama: yako kati yao na kamera.