Pumzi Kumi Kando ya Pipa

Mjinga wa siku ile nilikuwa mimi, Eliakimu. Nasema mapema ili usihangaike kumtafuta kati ya watu wengine wa kisa hiki. Wengine wote walikuwa na akili zao.

Nilikuwa darasa la sita, nikiishi Mwandiga kwa shangazi yangu Verediana, dada wa baba. Shangazi hukamua mafuta ya mawese. Nyuma ya nyumba yake kuna mashine ya kuzungusha kwa mkono, mapipa mawili meusi kwa moshi, na harufu ya chikichi ambayo hata ukioga mara tatu unakwenda nayo shuleni. Binti yake, Yunisi, alikuwa darasa moja na mimi, na kazi yake kubwa maishani ilikuwa kunicheka.

Jumamosi hiyo dada yangu Melania alikuwa anaolewa nyumbani kwetu Kidahwe. Katika ukoo wetu, mawese ya harusi hutoka kwa shangazi wa bibi harusi, tena yawe yamekamuliwa siku hiyohiyo. Yasipofika, wapishi hawagusi samaki wao, migebuka, na shangazi atasemwa mpaka wajukuu wake waote mvi. Kaka yangu Oswald alikuwa aje saa nane mchana na guta lake, ile pikipiki ya mizigo yenye magurudumu matatu, kuchukua madumu mawili.

Nami nilikuwa na mambo yangu. Nilikuwa nimeyaandika yote kwenye karatasi ya daftari: alfajiri kuchota maji, saa mbili mazoezi ya kwaya, saa nne kukamua mawese, saa sita maswali ishirini ya hisabati, saa saba mechi, saa nane kupanda guta.

Yunisi aliisoma karatasi ile, akaigeuza nyuma, akairudia tena.

"Mbona sioni saa ya kupumua?"

"Nitapumua nikikimbia," nilimjibu.

Sikuwa natania. Toka asubuhi nilikuwa nakimbia kweli. Kwenye kwaya niliimba ubeti wa tatu wenzangu wakiwa wa pili, nikamlaumu mpiga kinanda. Njiani nilijikwaa mara mbili kwenye jiwe lilelile, kwenda na kurudi. Kichwani nilikuwa na kelele kama soko la Katonga mitumbwi ikifika.

Shangazi yeye alikuwa na tabia moja iliyonikera. Hata kazi ikimzidi, mara tatu kwa siku huacha kila kitu, akakaa kwenye kigoda, nyayo chini, viganja mapajani, akavuta pumzi kumi polepole. Alifundishwa na muuguzi wa zahanati mwaka ule presha ilipompanda. Siku ile alifanya hivyo saa nne kamili, chikichi zikiwa zinatusubiri kwenye mashine.

"Shangazi, leo ni harusi," nikamwambia. "Pumzi si zinaweza kungoja?"

"Jaribu kuzingojesha zako," alisema bila kufumbua macho.

Tulizungusha mashine mpaka mabega yakawaka. Tukamimina rojo kwenye pipa, tukaongeza maji, tukachemsha. Ilipofika karibu saa sita, shangazi alivuta kuni zote nje isipokuwa moja.

"Sasa linatulia," alisema. "Mafuta yatapanda juu yenyewe, tope litabaki chini. Naenda kwa mama Bonifasi kuchukua madumu safi. Eliakimu, usiliguse pipa hili mpaka nirudi. Umenisikia?"

"Nimesikia, Shangazi."

Nilisikia kweli. Masikio hayakuwa na tatizo.

Nilichungulia ndani ya pipa. Juu palikuwa na utando mwekundu, mwembamba. Nikahesabu mpaka hamsini, nikachungulia tena. Utando uleule. Nikatoa karatasi yangu: saa sita, hisabati. Saa saba, mechi. Moyo ukaanza kudunda kama injini ya boti.

"Haya mafuta yamelala," nilimwambia Yunisi, aliyekuwa akisugua vibuyu vya kuchotea. "Yanahitaji kuamshwa."

"Mama amesema usiguse."

"Mama yako hana mechi."

Nikasukuma kuni nne motoni. Nikachukua mwiko mrefu kama kasia, nikakoroga. Nilikoroga kwa nguvu zote, kama mtu anayefukuza nyoka ndani ya pipa. Nilipoacha, ule utando mwekundu ulikuwa umetoweka. Badala yake kulikuwa na uji wa kahawia unaochemka na kutoa povu, kama barabara ya Kasulu siku ya mvua kubwa.

"Yesu wangu," Yunisi alisema. Mara hii hakucheka.

Nikaona harusi nzima mbele ya macho yangu: wapishi wamekunja mikono, migebuka wamelala, shangazi ameinamisha kichwa. Nikakimbilia ndoo, nikaiacha. Nikakimbilia mwiko, nikauangusha. Nikakanyaga makapi ya chikichi, nikateleza, nikaketi chini kwa kishindo. Ndivyo shangazi alivyonikuta, madumu mawili mikononi mwake.

Aliangalia pipa. Aliniangalia mimi.

"Nani amekoroga?"

Ulimi wangu, ambao nao ulikuwa na haraka zake, ukajibu kabla yangu: "Yunisi!"

Macho ya Yunisi yakajaa maji. Shangazi alivuta kuni zote nje, akachukua sufuria ya maji ya moto, akayamimina ndani ya pipa kupitia ukingoni ili mafuta yapande tena, taratibu sana, kama anayemwogesha mtoto mchanga. Kisha akavuta kigoda.

"Kaeni wote wawili. Eliakimu, nyayo zako ziko wapi?"

"Shangazi, mafuta ya harusi..."

"Nimeuliza nyayo."

"Ziko chini."

"Zinasikia nini?"

Niliona ni swali la ajabu, lakini nikajaribu. "Udongo. Una joto kidogo. Na kuna ganda la chikichi linanichoma."

"Liondoe. Sasa vuta pumzi kwa pua, polepole, ijaze tumbo. Iachie polepole zaidi. Mawazo ya mechi yakija, usipigane nayo. Rudi kwenye pumzi. Mpaka kumi."

Pumzi ya kwanza ilikuwa fupi kama ya kuku aliyekimbizwa. Ya tatu nilifikiria hisabati, nikarudi. Ya tano nilisikia kuni zikipoa, tii, tii. Ya saba nilimsikia Yunisi akivuta kamasi kimyakimya, na nikajua kwa nini. Kilichokuwa kinapiga kelele kichwani siku nzima kilikuwa ni hofu tu, na hofu ile ndiyo iliyomtaja Yunisi. Ya kumi ilitoka yenyewe.

"Nilikoroga mimi, Shangazi. Yunisi alinikataza. Yunisi, nisamehe."

"Nilikuwa najua," alisema shangazi. "Kuna tope la pipa mpaka kwenye nyusi zako."

Hapo Yunisi akacheka, na nilifurahi kuchekwa.

"Yataokoka?" niliuliza.

"Tukiyaacha. Dawa yake ni kukaa tu."

Basi tukakaa. Saa saba ikafika, nikasikia filimbi ya mechi kutoka uwanjani, nikabaki nimekaa. Timu yangu ilishinda mabao matatu bila mimi, jambo ambalo Yunisi hajaacha kulitaja hadi leo.

Saa nane guta likaingia likinguruma, na Oswald akaruka chini amevaa suti.

"Shikamoo, Shangazi. Madumu yako wapi?"

"Marahaba. Bado."

"Bado? Na ninyi mmekaa hapo kama kuku wenye mdondo?"

"Sogea uone," shangazi alimwambia.

Tulisogea sote. Juu ya pipa mafuta yalikuwa yamepanda, mazito, mekundu, yanang'aa, unaweza kujiona sura. Yunisi alinipa kibuyu. Nikachota taratibu, juujuu, bila kugusa tope. Shangazi aliyachemsha tena kidogo maji yaishe, akayachuja, na kufikia saa tisa kasoro madumu mawili yalikuwa yamejaa. Oswald alipiga simu Kidahwe. Wapishi wakasema ndiyo kwanza wanawasha moto.

Tulipokuwa tunafunga madumu kwa kamba, shangazi alinishika bega. "Kazi nyingi si kosa, mwanangu. Kosa ni kuzipanga bila nafasi katikati. Mtu asiyetua hata kidogo hufanya kosa moja, kisha anakimbia kulifunika kwa la pili. Wewe ulifikia mpaka kumsingizia ndugu yako. Tua mara chache kwa siku, pumzi kumi tu, kisha endelea na kazi."

Kisha akaketi tena kwenye kigoda, viganja mapajani. Yunisi na mimi tukaketi naye. Oswald alitazama saa, akatazama guta, akashika kichwa.

"Shangazi, jamani! Hayo ni mambo ya wazee. Siku hizi dunia inakwenda mbio. Sisi vijana hatuna muda wa kukaa tukipumua!"

Shangazi alimaliza pumzi yake kwanza.

"Wasio na muda wa kupumua, Oswald, wako makaburini. Pita uwaulize kama kazi zao zinakwenda haraka."