Salamu Isiyo na Kipimo

"Kabichi zimeingia funza!"

Redio ya Motorola ikanyamaza. Rahabu akausokota usukani wa Land Rover kwenye tope la Magamba, akarudi Lushoto mjini bila kugusa breki.

Funza maana yake kuna mtu anautoboa mtambo wa kompyuta wa Idara ya Ujasusi. Ndani ya mtambo mlikuwa na majina ya watu kumi na tisa waliokuwa wakiwafichua wauza bunduki wa mpakani. Soko huria lilikuwa limefungua kila mlango, na mashetani hao nao wakapita humo humo. Majina yakitoka, ni mazishi kumi na tisa.

Katika chumba cha nyuma ya ghala la mboga alimkuta Sefania, mzee aliyeandika programu ya mawasiliano, ameshika kichwa mbele ya kompyuta ya Compaq.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimeua watu."

"Hebu sema!"

"Kompyuta ya mtu ikipiga hodi, inatuma salamu kwanza. Nimeitengea nafasi ya herufi sitini na nne, ila sikuweka kipimo. Hawa wahuni wanatuma mia tano. Zinazozidi zinamwagikia kwenye amri za mtambo, nao wamepachika amri zao humo."

"Kwa nini hukupima?"

"Nimekulia Vuga. Kwetu salamu ya mtu huikatizi."

Rahabu alitamani kumzaba kofi. Uzee wake tu ndio uliomwokoa.

"Wamejaribu mara mbili, mtambo ukakwama. Safari hii wanaingia," mzee alisema. "Kiraka cha kuziba tundu hilo ninacho. Lakini kukiweka, lazima tuzime kila kitu dakika saba. Na redio ya Idrisa inapita humu."

Idrisa! Jasusi mwenzake, yuko porini Mnazi, wauza bunduki wako nyuma yake, na gari la kumwokoa linamfuata kwa maelekezo ya redio hiyo hiyo.

Alibonyeza kitufe cha redio. "Idrisa, nakuzimia redio. Dakika saba."

Mikwaruzo. Pumzi za mtu anayekimbia.

"Ni ile orodha?"

"Ndiyo."

"Zima, dada."

"Idrisa..."

"Zima, nimesema!"

Alizima kwa mkono wake mwenyewe. Dhambi ile hakutaka kumwachia mzee.

Sefania akachapa: salamu ikizidi herufi sitini na nne, ikatwe. Akakosea, akafuta, akaanza upya. Rahabu alisimama mlangoni na bastola ya Browning mkononi, na hasira zikampanda kwa kuwa hapakuwa na wa kumpiga.

Mtambo ukawaka. Papo hapo ikaja salamu ndefu ya wale wahuni.

Ikakatwa.

Ikaja nyingine. Ikakatwa. Namba ya simu waliyoitumia ikajitokeza kwenye kioo: ya duka moja la Magoma. Rahabu aliwatumia polisi namba hiyo na maneno mawili tu.

"Kamateni wote."

Kisha akaita, "Idrisa?"

Aliyejibu ni dereva wa gari la uokoaji. "Tumempata, afande. Tumechelewa."

Mzee aliangua kilio. Rahabu moyo ulimpasuka, lakini macho yalikuwa makavu. Aliirudisha bastola kiunoni, akafunga koti.

"Mama yake yuko Soni," alisema. "Anajua mwanawe anauza mbegu za nyanya."

"Utamwambia ukweli?"

"Nitamwambia gari lilipinduka."

Akaufungua mlango, akaingia kwenye ukungu kwa mwendo wa mtu anayekwenda sokoni.