Msaidieni Mwenzenu

Jumamosi ile ilianza kama Jumamosi nyingine yoyote, na waliokuwepo wanasema hawakuona dalili hata moja. Ukumbi wa nyuma ya kanisa ulikuwa umefagiliwa, mabenchi yamepangwa safu nne, ubao umefutwa kwa kitambaa kibichi. Saa tisa kamili alasiri Mwalimu Nukta alifunga mlango, na aliyechelewa akabaki nje na aibu yake.

Jina la Nukta alibandikwa na wanafunzi enzi za kufundisha shule ya msingi, maana mama huyu hakupokea jibu lililopungua hata nukta. Alipostaafu, kanisa likamkabidhi darasa la watu wazima wanaojiandaa kubatizwa. Maswali yalikuwa thelathini na mawili, na majibu yote yalitakiwa yatoke kichwani, neno kwa neno. Mchungaji alikuwa mtu mpole, mwepesi wa kucheka, na mambo ya darasa alimwachia yeye kabisa. Mwalimu akisema fulani yuko tayari, anabatizwa. Akisema bado, basi bado, hata awe shemeji yake mzee wa kanisa.

Mwaka huo walikuwa tisa. Kulikuwa na msusi mmoja mwenye maneno mengi, dereva wa lori, wauguzi wawili, na wengine wa kazi zao. Na benchi la mbele kabisa, mfuko wa dawa mapajani, alikaa fundi saa. Huyo alikuwa mdogo wake Mwalimu, tumbo moja.

Fundi saa alikuwa anakufa. Daktari alimvuta Mwalimu pembeni kwenye korido, akamwambia mapafu yamekwisha, wahesabu wiki, wasihesabu miezi. Miaka thelathini mtu huyu alilikwepa kanisa, akisema yeye na Mungu hawajagombana, ila hawajatambulishwa tu. Sasa aliomba ubatizo mwenyewe, kwa mdomo wake. Mwalimu alilia kwa furaha jikoni mpaka uji ukaungua.

Tatizo lilikuwa kichwa. Dawa zilikuwa zimemvuruga kumbukumbu. Aliweza kufungua saa ya mkononi, akamwaga vyuma mezani na kuvirudisha vyote bila kukosea, lakini sentensi ikimwingia asubuhi, mchana imeshatoka. Naye Mwalimu aliamini kwa moyo wake wote kwamba mdogo wake akizikwa bila majibu yale, amepotea milele. Hofu hiyo aliamka nayo na kulala nayo.

"Swali la tisa," alisema, akimwelekezea rula. "Imani ni nini?"

Fundi saa akasimama, akatabasamu, akatazama dari. Akaanza. Akakwama. Akaanza tena.

Mwalimu alikuwa na desturi moja ya tangu shuleni. Mtu akikwama, hampi jibu wala hamkaripii. Huwageukia wenzake wamjibie kwa pamoja, naye afuatishe.

"Msaidieni mwenzenu."

Darasa likajibu kwa sauti moja kwamba imani ni kuyajua aliyoyafunua Mungu, na kuyakubali kuwa ni kweli, na kumtegemea Kristo peke yake kwa wokovu wetu. Jibu zuri, halikupungua kitu. Ila Mwalimu alisikia jambo. Nyuma ya zile sauti kulikuwa na nyingine, ya chini, iliyotamka kila neno kwa utaratibu kuliko wote. Ilifika kwenye "kuwa ni kweli", ikanyamaza ghafla. Wale wengine ndio waliomalizia.

Akatazama benchi la nyuma. Hapakuwa na mtu, ilikuwepo mikoba ya watu tu na mwavuli wa msusi. Kifungo cha mkoba mmoja kilikuwa kinagonga mbao, tik, tik, tik, halafu kikatulia. Alijiambia ni lori limepita barabarani.

Wiki iliyofuata alikuja na mtego. Aliuliza swali la ishirini na tisa, ambalo hakuwa amelifundisha kwa yeyote. Tisa wote walitazamana. Mdogo wake akakohoa kwenye leso. Mwalimu hakukusudia kusema aliyoyasema, mdomo ulizoea.

"Msaidieni mwenzenu."

Jibu likaja. Lilitoka nyuma, taratibu, na vituo vyote mahali pake. Msusi akaangua kicheko, akasema kwa nini awatese na maswali halafu ajijibu mwenyewe. Wengine wakacheka. Wote walikuwa wamesikia sauti yake yeye.

Mwalimu alishika kona ya meza, kwa sababu alikuwa ameona mwavuli wa msusi unatetemeka juu ya benchi, na dirisha lililo juu yake linatetemeka, vioo vyote, wakati hapakuwa na upepo. Aliwaruhusu watoke mapema siku hiyo. Haikuwahi kutokea.

Angemweleza nani? Mchungaji angemwambia apumzike. Akapiga moyo konde, akajifungia kwenye maombi, lakini kila alipoomba alijikuta anatoa majibu, la kwanza, la pili, la tatu, vizuri sana, na chumba kinabaki kimya.

Jumatano mchana, zikiwa zimebaki siku nne kufika Jumapili ya ubatizo, alimkuta mdogo wake kwenye meza ya sebuleni, kioo cha ufundi jichoni, saa ya mtu imefunguliwa mbele yake. Alikuwa amekonda hata kola ya shati ikawa inamzunguka. Mwalimu akavuta kiti. Akamuuliza la kwanza. Hakujua. La pili alichanganya na la saba. La tisa alisema, "Hilo linahusu, dada, si linahusu kushikwa?" na akacheka mpaka kikohozi kikamkata.

Mwalimu aliona damu kwenye leso. Hapo ndipo alipofanya alichokifanya, na alikifanya akiwa na akili zake timamu. Aliinama juu ya meza, mahali ambapo hapakuwa na darasa wala wenzake, akanong'ona.

"Msaidie."

Kikohozi kikakatika. Fundi saa akainua uso, akaanza kujibu. La kwanza. La pili. La kumi. Bila kukosea, bila kuvuta pumzi, mtu ambaye hakuweza kupanda ngazi mbili. Mwalimu alifumba macho na kusikiliza kama mtu anayesikiliza mvua baada ya kiangazi kirefu. Kwenye la tisa jibu lilikatika pale pale, kuwa ni kweli, likarukia la kumi. Kipande cha mwisho hakikusemwa.

Aliisikia ile nafasi. Yeye, Nukta, aliyewahi kumrudisha mtoto wa watu mara sita kwa ajili ya kiunganishi, aliisikia na akaiacha ipite. Majibu thelathini na moja na nusu, alijiambia, yanatosha kwa mgonjwa.

Kisha akafumbua macho. Koleo dogo la ufundi lilikuwa linagonga meza. Mikono ya mdogo wake, ambayo haikuwahi kutetemeka hata alipomzika mkewe, ilikuwa inatetemeka yote miwili. Na midomo yake ilikuwa inachelewa. Neno lilisikika kwanza, halafu mdomo ukalifuata.

Jioni hiyo alimpigia simu Mchungaji. Akasema, "Yuko tayari."

Mdogo wake hakurudi kuwa sawa. Mchana wa Ijumaa alimshika mkono alipomletea dawa, akamvuta karibu. Alinong'ona, akitazama kona ya chumba.

"Dada, kuna mtu anasemea mdomoni mwangu."

Mwalimu akamwambia ni homa.

"Anaogopa, dada. Sijawahi kukutana na mtu anayeogopa vile. Anamjua Yeye kuliko mchungaji. Anajua yote, na yote anakubali ni kweli. Lakini haendi kwake. Anamjua, anatetemeka, haendi."

"Meza dawa."

"Nimemuuliza kwa nini haendi. Akaniambia nikuulize wewe."

Mwalimu alitoka chumbani na bilauri ya maji ikimwagikia viatu. Hakurudi mpaka mgonjwa aliposinzia.

Jumapili asubuhi kanisa lilijaa. Kisima cha ubatizo kilikuwa mbele, chini ya madhabahu, maji yamefika kifuani. Wanane walitangulia, wakaulizwa maswali mawili matatu, wakajibu vizuri, wakazamishwa na kuibuka. Msusi alitoka analia na kucheka kwa pamoja. Kisha dereva wa lori akambeba fundi saa mikononi, akateremka naye majini polepole. Mwalimu alikaa safu ya kwanza. Safu iliyo nyuma yake ilikuwa ya wageni, na haikuwa na mgeni.

Mchungaji akamuuliza mgonjwa kwa upole. Imani ni nini?

Mwalimu alisikia pumzi ikivutwa nyuma ya kisogo chake. Imani ni kuyajua, ikaanza ile sauti. Sauti yake mwenyewe. Majini kulikuwa na mawimbi madogo madogo, yanaanzia kwenye mwili wa mdogo wake na kusambaa mpaka ukingoni. Meno yake yaligongana. Midomo ikaanza kufuata.

Fundi saa akaufunga mdomo wake kwa mkono.

Akaubana. Machozi yalimtoka. Kisha akaondoa mkono, na sauti iliyotoka ilikuwa ndogo, yenye mikwaruzo, ya kwake.

"Mchungaji, yale majibu siyo yangu. Nimeyasahau yote. Nimebaki naye Yeye tu, namtegemea anishike. Kama ananipokea hivi hivi, mimi nimekuja."

Mchungaji alimgeukia Mwalimu, maana ndivyo walivyozoea, neno la mwisho lilikuwa lake. Macho yote yakamfuata. Mdogo wake naye alimtazama kutoka majini, na hakuwa anaomba kitu. Alikuwa anamsubiri tu.

Lilihitajika neno moja. Mwalimu alijua ni lipi.

Nyuma yake, karibu na sikio, ile sauti ilikuwa imekwisha kuwa kilio. Amekosea, ilisema. Si ndivyo ilivyoandikwa. Mwambie amekosea. Mwambie.

Mwalimu akasimama. Akafungua mdomo, na waliokaa karibu wanasema walisikia watu wawili wakisema kwa pamoja, bila kupishana hata kidogo.

"Jibu si hilo."

Mchungaji alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane hakukuwa na kicheko usoni pake. "Hilo linatosha, Mwalimu," alisema. Akamlaza fundi saa kwenye maji na kumwinua.

Alipoibuka alikuwa ametulia. Hakutetemeka, ingawa maji yalikuwa ya baridi na mtu mwenyewe amebaki mifupa. Alikufa Jumanne, saa nne asubuhi, akiwa anatengeneza saa ya jirani. Aliiweka chini, akamwambia dada yake asihangaike na chai, akaegemeza kichwa. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefika nyumbani. Mwalimu alimlilia kwa uchungu, na katika kulia kwake kulikuwa na wivu ambao hakuthubutu kumwambia yeyote.

Baada ya mazishi mambo yakatulia kabisa. Darasa jipya lingeanza Jumamosi, watu saba, na Mchungaji hakumvua kazi wala hakuligusia lile neno la siku ya kisima. Mwalimu alikwenda ukumbini mapema kupanga. Mchana mweupe, madirisha wazi, watoto wanacheza mpira upande wa pili wa ukuta. Aliposogeza benchi la nyuma, mguu mmoja wa benchi ulilegea, akaliinua aone msumari.

Upande wa chini wa mbao kulikuwa na mashimo.

Alidhani ni mchwa. Akapitisha kidole. Yalikuwa laini, yamebonyea ndani ya mbao ile ngumu, manne upande wa kulia na manne upande wa kushoto, ya mtu aliyekaa na kuung'ang'ania ukingo wa benchi kwa nguvu zake zote. Si kwa siku moja. Mengine yalikuwa yamezama karibu yatokeze juu.

Alilirudisha benchi chini. Akasimama. Akatazama mlangoni. Halafu, bila kujua kwa nini, akakaa.

Akapeleka mikono chini, huku na huku.

Vidole viliingia. Kimoja kimoja, vyote vinane, bila kulazimishwa, mpaka kile cha mwisho cha mkono wa kushoto, kilichopinda tangu alipokibana na mlango akiwa na miaka sita. Shimo lake nalo lilikuwa limepinda.

Maisha yake yote hakuwahi kulikalia benchi lile.