Sauti Ndani ya Korona

Unywele wa kwanza ulitoka asubuhi, kweupe, katikati ya nyuzi za mkonge. Honorata, aliyekuwa akizipokea upande wa pili wa korona, mashine ile ya kusaga majani, alidhani ni wake umedondoka. Akauvuta. Ukaja mrefu kupita mkono wake, mweusi, unanukia udi.

Enzi za yule Mgiriki aliyekuwa mwenye shamba jambo kama hili lilikuwa na utaratibu. Vibarua waliotoka Songea na Kigoma walijua kiwanda kimejengwa juu ya chemchemi yenye wenyewe, majini, basi walitundika kipande cha reli mlangoni. Kikitoka kitu kisicho mkonge, aliyekiona hugonga reli, na fundi huvua mkanda wa mashine papo hapo, bila kuuliza. Fungu lile hutupwa, mashine hufukizwa ubani, ndipo kazi huanza upya. Hata Mgiriki, bahili wa kutupwa, alinyamaza na kusubiri.

Shamba lilipotaifishwa akaletwa Melkizedeki, mtoto wa Gonja, aliyepewa umeneja kwa kujua kusoma hotuba. Mkonge aliujua kwa kuuona dirishani mwa basi akipita Same. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuiangusha reli.

"Azimio la Arusha halikuandikwa kwa ajili ya majini," alisema, akikohoa kile kikohozi chake cha ukubwa. "Kuanzia leo mashine hii inasimama kwa sauti yangu. Yangu tu!"

Walimpigia makofi. Ndivyo walivyo watu.

Sasa Honorata alimsogelea fundi wa korona, Sylvester, mumewe. "Baba Linus, vua mkanda," alinong'ona. "Kichwa kinaniwaka moto."

"Bila meneja? Nifukuzwe?"

Mwanamume mzima! Jini alimwogopa, ila meneja alimwogopa zaidi. Akatuma mtu kumwita.

Melkizedeki akaja taratibu, akalinyanyua fungu kwa ncha ya kalamu.

"Manyoya ya mbuzi."

"Ni nywele, ndugu meneja."

"Nimesema mbuzi. Endelea!"

Korona ikanguruma, na nywele zikaja kwa wingi, zimesukwa twende kilioni kama Honorata alivyosukwa Jumapili, na harufu ya udi ikauzidi ule uvundo mchachu wa majani yaliyosagwa, mpaka Honorata akapitisha mkono chini ya kanga aliyojifunga kichwani na kugusa ngozi tupu, yenye unyevu, akautoa mkono umejaa damu, na miguu yake, ambayo hakuiamuru, ikaanza kuburuzika sakafuni kuelekea kwenye yale magurudumu yenye visu, huku wenzake wakimshika kiuno na wao wakiburuzwa pamoja naye.

Hapo ndipo hata mpumbavu akaelewa. Melkizedeki alifumbua kinywa kuamuru mashine izimwe. Midomo ikacheza, mishipa ya shingo ikamtoka, lakini sauti haikuja. Ilikuja kutoka ndani ya korona, ileile, na kikohozi chake.

"Endelea! Endelea, ndugu!"

Sylvester akamtazama meneja, akaitazama mashine. Midomo ilisema simama, sauti ilisema endelea, na mtumishi mtiifu huyu, mkewe akivutwa mbele ya macho yake, alikuwa bado anatafakari amri ipi ni halali!

"Sylvester!" Honorata akapiga ukelele.

Tangu amwoe, mkewe hakuwahi kumtaja kwa jina. Ilimchoma. Akashika gogo, akaliingiza chini ya mkanda, akausukuma kwa nguvu zake zote hadi ukachomoka na kumchapa usoni. Korona ikazunguka kidogo, ikakata mwendo, ikasimama. Honorata akaanguka hatua moja kutoka kwenye visu, upara mtupu, anavuja damu, lakini mzima. Sylvester akampakata, akilia kwa aibu, na ilimstahili.

 Melkizedeki alinyoosha kola, akajaribu kukaripia, ikawa kazi bure. Akabaki akipanua mdomo kama kambare nchi kavu.

Kisha, ndani ya mashine iliyozimwa, mtu akakohoa.

"Nani amekuruhusu kusimamisha kazi?"

Na wafanyakazi wale, wote isipokuwa Honorata, wakavua kofia, wakaigeukia korona, wakajibu kwa adabu:

"Tusamehe, ndugu meneja."